Shule iko kando ya barabara kuu ya Mingoyo–Masasi: tuombe zebra, tuta au njia ya pembeni? Na wapanda baiskeli je?

Mdau wa Mtama:

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba ushauri wa wanaojua barabara kitaalamu. Ule wa "wazazi wawaelimishe watoto" tumeshausikia wa kutosha.

Hali ilivyo: kijiji kiko kati ya Mtama na Nyangao, na barabara kuu imekipasua katikati. Lami ina upana wa mita 7, mabega mita 1.5 kila upande, ila mvua zimeyala mabega hadi sehemu nyingine lami imebaki juu kama ngazi. Shule ya msingi iko upande mmoja, makazi mengi na kisima viko upande wa pili. Watoto wanaanza kuvuka saa 12 na nusu asubuhi, mchana wanarudi kwa makundi. Lango la shule limetazama lami moja kwa moja na daladala zinasimama hapohapo langoni. Mita kama 90 kutoka langoni kuna kona yenye mikorosho, gari likitokea huko huoni mpaka limeshafika. Baiskeli za mkaa na za madumu ya maji zinapita kutwa nzima. Malori yanayokwenda bandari ya Mtwara yapo mwaka mzima, na msimu wa minada ya korosho yanaongezeka, hasa usiku.

Serikali ya kijiji inataka kuandika barua ya kuomba zebra. Je, zebra inatosha? Ikae wapi? Na hawa wa baiskeli wafanyiwe nini, maana kila mkutano tunazungumzia watoto tu.

Nawasilisha.

Jirani wa Nyangao:

Mkuu, ombeni zebra na kibao cha watoto wanavuka, halafu mwombe trafiki akae hapo asubuhi na mchana. Sheria inamtaka dereva asimame kumpisha mtu aliye kwenye kivuko, na ndani ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Sheria ipo tayari, kinachokosekana ni usimamizi.

Msanifu Kusini:

Jirani, kwenye sheria uko sahihi, lakini naomba nipingane nawe kwenye zebra, kwa sababu hapa ndipo vijiji vingi vinapoteza ombi lao. Zebra ni rangi. Haimpunguzii mwendo dereva aliyetoka Mnazi Mmoja ya Lindi akiwa kwenye 80. Inachofanya ni kumwambia mtoto "hapa ni pako", na mtoto anaingia barabarani kwa kujiamini mbele ya gari lisiloweza kusimama. Zebra iliyochorwa kwenye barabara ya mwendo mkubwa bila kitu cha kulazimisha magari kupunguza inaweza kuwa ya hatari kuliko kutokuwepo.

Tazameni hesabu. Dereva wa kawaida anatumia kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka mguu ushike breki. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzima linasimama hivi: likiwa kilomita 30 kwa saa, linahitaji mita 17 au 18. Likiwa 50, mita 35. Likiwa 80, karibu mita 70. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya hapo.

Sasa mtoto ajitokeze mita 30 mbele ya gari. Wa 30 anasimama kabla hajamfikia, tena nafasi inabaki. Wa 50 anamgonga akiwa ameshuka hadi kama 29. Wa 80 anamgonga na 80 yake yote, kwa sababu mita 33 za kwanza zimeisha mguu haujafika kwenye breki. Mtoto ni yuleyule na umbali ni uleule. Kwa hiyo swali la kwanza la kijiji liwe "magari yapite hapa kwa kasi gani?", na rangi ifuate baadaye. Kanuni inayotumiwa na watafiti duniani ni kwamba wastani wa kasi ukishuka kwa asilimia 1, vifo hushuka kwa kama asilimia 4. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka kasi iwe mwisho 30 mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli.

Tuje kwenye kona ya mikorosho. Mtoto mdogo anatembea mita 1 kwa sekunde. Lami ya mita 7 inamchukua sekunde 7, ongeza 2 za kutazama na kuamua, jumla 9. Katika sekunde hizo gari la 80 linakula mita 200, la 50 mita 125, la 30 mita 75. Ninyi mna mita 90 za kuona. Maana yake hata dereva anayetii 50 anaweza kuwa bado hajaonekana mtoto anapoanza kuvuka. Mahali hapo panafaa kwa 30 peke yake, labda kivuko kisogezwe. Na kusogeza kuna mipaka: watu hawazunguki. Ukiweka kivuko mita 150 kutoka mahali wanapovuka sasa, watoto watapita palepale walipozoea na zebra itabaki ya mbuzi. Kaeni asubuhi mbili tatu mchore kwenye karatasi kila mtoto anapoingilia na anapotokea. Mara nyingi kinachosogezwa ni lango. Lango likifunguliwa ubavuni mwa uwanja, mbali na kona, watoto watafuata lango wenyewe, na gharama yake ni nguzo mbili na siku moja ya fundi.

Ninachopendekeza kiombwe ni tuta bapa lenye zebra juu yake. Si lile tuta la nundu fupi linalovunja springi. Bapa la mita 4 juu, kimo sentimita 10, miteremko ya mita 1.5 kila upande. Likipita kwenye lami na mabega yote, yaani upana wa mita 10, ni mita za ujazo 5.5 za lami ya moto, takriban tani 13. Kwa tipa kubwa ni safari moja. Mtoto anavuka akiwa ameinuliwa, dereva anamwona mapema, na gari limeshapunguza kabla ya kufika.

Tuta moja linatuliza magari kama mita 40 au 50 kila upande, baada ya hapo dereva anakanyaga tena. Kwa hiyo wekeni jingine la kawaida, la mgongo wa mviringo, kila upande wa lile bapa, umbali wa mita 80 hadi 100. Umbo lililozoeleka ni urefu wa mita 3.7 na kimo sentimita 10. Kabla ya tuta la kwanza lazima kuwe na kibao cha 50, kibao cha tuta, na rasta (vile vimatuta vyembamba vya kutikisa gari) seti mbili, ili dereva asilikute tuta akiwa kwenye 80. Tuta lisilo na rangi wala kibao usiku linaua wa bodaboda. Kosa hilo lipo kwenye barabara nyingi: tuta limejengwa Julai, rangi imefutika kufikia masika, na hakuna aliyerudi kupaka. Andikeni kwenye ombi kwamba mnataka rangi ya kuyeyushwa kwa moto yenye chembe za vioo, maana ile ya kopo chini ya matairi ya malori haimalizi mwaka.

Kituo cha daladala kiondoke langoni. Kila upande kikae mita 20 hivi baada ya kivuko kwa mwelekeo wa gari, ili abiria avuke nyuma ya gari lililosimama. Akivuka mbele yake, anayelipita gari hilo hamwoni kabisa.

Gurudumu Mbili:

Msanifu amemaliza habari za kuvuka. Mimi niseme juu ya wanaokwenda sambamba na barabara, kwa sababu mpanda baiskeli wa mkaa havuki, yuko pembezoni mwa lami kilomita nzima nzima.

Mdau, ulichosema kuhusu lami kubaki kama ngazi ndicho kitu cha kwanza kuripoti. Bega likishuka zaidi ya sentimita 5 chini ya ukingo wa lami, baiskeli ikishuka hairudi. Tairi la mbele linasugua ukingo, usukani unakataa kugeuka, na mtu anaangukia upande wa lami, yaani mbele ya lori. Wenye baiskeli wanajua hilo, ndiyo maana hawashuki hata wakipigiwa honi. Madereva wanadhani ni ubishi. Kujaza na kushindilia bega ni kazi ya matengenezo ya kawaida, haihitaji mradi mpya, basi iombwe peke yake kwa barua yake isije ikasubiri matuta.

Upana: gunia la mkaa likilazwa kwenye keria linafika kama mita 1. Mtu huyo anayumba akipanda mlima, na lori likimpita karibu upepo wake unamvuta. Anahitaji mita 1.5 ya nafasi kutoka kwa gari linalompita. Hesabu hiyo haiingii kwenye lami ya mita 7 ikiwa magari mawili yanapishana. Kwa hiyo suluhisho la kudumu ni njia ya pembeni, ng'ambo ya mtaro, itakayotumiwa na wa miguu na wa baiskeli pamoja. Nafasi ipo: Sheria ya Barabara ya 2007 imetoa hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu, yaani 30 kila upande kutoka katikati.

Njia ya moramu yenye upana wa mita 1.8 na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, kwa mita 400 za mbele ya kijiji, ni mita za ujazo 108. Moramu inapungua ikishindiliwa, hesabuni 140 za kuletwa, ambazo ni tipa 14 za mita 10. Ipeni mteremko kidogo kuelekea mtaroni maji yasikae. Na sharti moja lisilosameheka: njia iwe laini kuliko bega. Ikiwa na mawe, au ikikatwa na mtaro usio na daraja la zege, baiskeli zote zitarudi kwenye lami ndani ya wiki na watu watasema "mmewajengea hawataki". Wekeni slabu kila inapokutana na mtaro, na lango la kila duka lisigeuke ngazi.

Kwa usiku, na hii haingoji bajeti ya mtu: taa za chini za gari zinamwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa umbali wa mita kama 30 tu. Linganisheni na zile mita 70 za Msanifu. Rifleta nyekundu nyuma ya keria inafichwa na gunia, kwa hiyo ifungwe kwenye gunia lenyewe, au chini kwenye madigadi. Kipande cha stika ya kuakisi kwenye pedeli na vifundo vya miguu kinafanya kazi kuliko koti la rifleta peke yake, kwa sababu jicho la dereva linatambua haraka kitu kinachopanda na kushuka kwamba ni binadamu. Anayetembea kwa miguu pasipo na njia ya pembeni atembee mkono wa kulia, aone magari yanayomjia. Wa baiskeli abaki kushoto pamoja na magari.

Breki za vyuma za zile baiskeli kubwa zinakamata rimu ya kromu. Rimu ikilowa zinashika kidogo sana. Wakati wa mvua mwenye mzigo aanze kubonyeza mapema mara mbili tatu kuifuta rimu kabla ya mteremko, na vipande vya mpira vibadilishwe vikibaki milimita 3.

Mdau wa Mtama:

Asanteni sana, wakuu. Maswali mawili yamebaki. Bodaboda hazitalikwepa tuta kwa kupita pembeni, mahali watoto wanasimama? Na barua iende kwa nani, TARURA au TANROADS? Mtendaji anasema moja, diwani anasema jingine.

Takwimu za Ajali:

Barabara ya Mingoyo–Masasi ni barabara kuu, kwa hiyo ni ya TANROADS, kwa Meneja wa Mkoa wa Lindi. TARURA wana barabara za wilaya na mitaa. Kama watoto wanafika barabara kuu kwa barabara ya udongo, kipande hicho ndicho chao. Muhtasari wa mkutano wa kijiji upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aupeleke halmashauri, nakala iende kwa Kamati ya Usalama Barabarani ya wilaya. Muombeni pia mbunge, maana wabunge ni wajumbe wa Bodi ya Barabara ya Mkoa, ile inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa, na huko ndiko vipaumbele vinakojadiliwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ombi linaloingia Mei limechelewa, wekeni lengo la Oktoba au Novemba.

Barua bila namba inawekwa kwenye faili. Namba zinapatikana bila mtaalamu. Pimeni mita 100 kwa tepu kandokando ya barabara, wekeni alama mwanzo na mwisho, mmoja ashike simu yenye saa ya kusimamisha. Gawanya 360 kwa sekunde, unapata kilomita kwa saa: sekunde 4.5 ni 80, sekunde 7.2 ni 50, sekunde 12 ni 30. Msitumie mita 50 kwa magari ya kasi, kidole kikichelewa moja ya tano ya sekunde kosa linakaribia asilimia 10. Pimeni magari 100 yanayokwenda bila kuzuiwa na gari la mbele, andikeni aina yake: lori, basi, dogo, bodaboda. Panga kasi zote kutoka ndogo hadi kubwa; ya 85 ndiyo wahandisi wanayoitazama. Mkae kivulini msionekane. Madereva wakiona watu na daftari wanawashiana taa kama wanavyofanya kwa trafiki, na mtapima heshima badala ya kasi.

Hesabuni pia wanaovuka na wanaopita kwa baiskeli kila dakika 15, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, na mchana wakati wa kutoka shule. Tenganisha watoto na watu wazima. Fanyeni siku mbili za kawaida na siku moja ya mnada.

Kuhusu ajali zenyewe, msitegemee kitabu cha polisi peke yake. Aliyeangushwa na baiskeli akakimbilia zahanati bila kupitia kituoni kuchukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) mara nyingi hayumo. Aliyefia hospitali baada ya wiki anaweza kubaki kwenye kitabu kama majeruhi, wakati hesabu ya kimataifa inahesabu kifo hadi siku 30. Unganisheni vyanzo vitatu: polisi, zahanati na daftari la kijiji. Kila tukio liwe na tarehe, saa, mahali kwa mita kutoka langoni, na mtu alikuwa anafanya nini. Majina yabaki kijijini, yasiingie kwenye barua. Ongezeni na "nusura": mara ambazo dereva alilazimika kufunga breki ghafla au mtoto kurudi mbio. Kwa kijiji kimoja ajali ni chache kiasi kwamba hazionyeshi mwelekeo, nusura zinaonyesha ndani ya siku chache.

Mkiulizwa ushahidi kwamba haya yanafanya kazi hapa kwetu, tajeni Dar es Salaam. Shirika la Amend, kwa mpango wake wa SARSAI, liliweka matuta, vivuko, njia za miguu na kuhamisha malango kwenye shule za msingi zenye ajali nyingi. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zisizofanyiwa ulikuta majeruhi wamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya miji ya kituo cha WRI Ross. Vifaa vyake ni hivihivi anavyovisema Msanifu.

Msanifu Kusini:

Mdau, swali la bodaboda ni zuri na halina jibu lisilo na hasara. Tuta likiishia kwenye ukingo wa lami, bodaboda zote zitapita begani, kwenye miguu ya watoto. Ndiyo maana nilisema tuta lifike mwisho wa bega. Baada ya hapo wekeni nguzo fupi za zege, kimo sentimita 80, kutoka ukingo wa tuta hadi mtaroni. Pengo la mita 1.2 linapitisha kiti cha magurudumu na baiskeli tupu, lakini bodaboda nayo inapita. Ukibana hadi sentimita 80 bodaboda inapata shida, ila baiskeli ya mkaa nayo imekwama na itarudi kwenye lami. Mimi ningeacha mita 1.2 nikaipinda njia ya pembeni kidogo kabla ya nguzo, kama kona ya herufi Z, ili atakayepita apite kwa mwendo wa mguu. Nguzo zipakwe nyeupe na nyekundu, na isikae hata moja ndani ya mita 1 kutoka ukingo wa lami.

Tuta linalofika mtaroni linazuia maji. Kwenye mvua za Januari mtapata dimbwi upande wa juu, lami itachimbika hapo na madereva watahama upande kulikwepa shimo. Mwambieni mkandarasi aache mfereji wa sentimita 20 kati ya mwisho wa tuta na mtaro, ufunikwe kwa slabu yenye matundu, au apitishe bomba chini. Mfereji usiofunikwa vizuri ndio unaovunja mguu wa mtoto.

Na ile mikorosho ya konani: iliyo ndani ya mita 30 za hifadhi inaweza kupunguzwa matawi ya chini hadi kimo cha mita 2, bila kukata mti. Zungumzeni na mwenye shamba kabla ya barua kuondoka. Nyasi za kandokando zifyekwe mara mbili, Februari na Aprili, maana zikifika kiunoni kwa mtu mzima zimeshamfunika mtoto wa darasa la kwanza.